Mkopo wa nyumba: angalia riba kwanza, bonasi baadaye
Mwaka 1997 huko Uingereza, vyama vya mikopo ya nyumba kama Halifax na Northern Rock viligeuka kuwa benki, na wanachama, hata waliokopa, wakapewa hisa za bure. Watu wakaanza kuchagua chama kwa kubahatisha nani atafuata. Lakini Northern Rock ilitaifishwa 2008, na waliokuwa bado na hisa wakaambulia patupu.

Kwa hivyo tunakushauri upige hesabu kwanza. Ukikopa milioni 3 kwa miaka 20, riba ya asilimia 14 badala ya 13 inakuongezea zaidi ya Sh2,000 kila mwezi. Uliza pia kama kuna faini ukimaliza kulipa mapema. Bonasi ikija, sawa. Isipokuja, bado utamudu deni lako.