Makaburi ya Walowezi Hufuata Shamba

Ukinunua kipande cha ardhi Rongai, ndani ya shamba lililokuwa la mlowezi, huenda siku moja jembe likagonga jiwe la kaburi lililochongwa. Ireland, ukoo wenye ardhi aghalabu huzikwa pamoja kwenye ua wa kanisa, kizazi baada ya kizazi. Huku Bonde la Ufa wengi walizikwa shambani mwao, na ndiyo maana ninapotafuta kaburi mimi huanza na hati za ardhi kabla ya daftari la kanisa.

Chukua ukoo wa Cole wa Florence Court, Fermanagh, Ireland, watoto wa Earl wa Enniskillen. Florence aliolewa na Lord Delamere mwaka 1899; kaka zake, Berkeley na Galbraith, nao wakahamia Kenya. Berkeley alifariki mwaka 1925 akazikwa Naro Moru. Galbraith alizikwa Kekopey mwaka 1929, juu ya Ziwa Elmenteita. Shemeji yao Delamere akalazwa Soysambu, kando ya ziwa hilohilo, mwaka 1931.

Majina ndiyo huwapoteza wengi. Delamere ni cheo. Jina la ukoo ni Cholmondeley. Kwa hiyo Florence atafutwe kwa majina yote matatu: Cole, Cholmondeley na Delamere. Kisha pekua Gazeti Rasmi la Serikali: matangazo ya mirathi hutaja marehemu, alikofia na tarehe. Ukishapata jina la shamba, lilinganishe na ramani za upimaji za kabla ya ardhi kugawanywa, kwani ploti za leo hazionyeshi kaburi lilikuwa upande gani.

Ukilifikia jiwe, usilisugue kwa brashi ya waya wala kulimwagia dawa ya kufulia. Yako mawe ambayo herufi zake zilikuwa za risasi, zikang'olewa zikauzwa. Yamebaki matundu madogo ya vishikizo. Nenda asubuhi jua likiwa chini, mwanga upite ubavuni mwa jiwe: kila tundu hutupa kivuli, na jina lililokuwa limefutika husomeka.

Lakini kazi hii haijakamilika ikiishia kwa wenye mashamba. Mwaka 1911 Galbraith alimpiga risasi akamuua Mwafrika aliyemshuku kuiba kondoo. Mahakama ilimwachilia, gavana akamfukuza nchini, naye baadaye akarudi. Kaburi la Galbraith linajulikana. Wafanyakazi waliozikwa karibu na kambi zao mashambani hawakuwekewa mawe, na usajili wa vifo haukuwa umeenea nchi nzima hadi mwaka 1971. Hao hawamo gazetini wala kwenye ramani. Wanajulikana na wazee waliozaliwa kambini humo, nao wanazidi kupungua. Waombe wakuonyeshe mahali, rekodi sauti zao kwa simu, na uandike majina jinsi wanavyoyatamka.