Kuazimana zana za kilimo: ufundi mbovu unavyovunja ujirani

Kuazimana zana za kilimo ni miongoni mwa nguzo za uchumi wa kijiji nchini Tanzania, ingawa ni nadra kuonekana katika hesabu za serikali au za benki. Mkulima mwenye plau, yaani jembe la kukokotwa na maksai, humwazima jirani asiye nayo, naye jirani hulipa fadhila hiyo kwa siku za palizi, kwa debe la mahindi baada ya mavuno, au kwa kumpa mwenzake kile alicho nacho siku atakapopungukiwa. Msingi wake ni ujima, desturi ya kusaidiana kazi bila kutanguliza fedha, na kinachoulinda ni imani kwamba zana itarudi kama ilivyotoka. Imani hiyo sasa inatikiswa na huduma mbovu ya matengenezo, ambayo hasara yake humwepuka aliyeisababisha na kuwaangukia majirani wawili wasio na hatia.

Sababu kubwa ya kuazimana ni majira. Trekta dogo la mkono, ambalo wakulima wa mpunga wa Usangu, Kilombero na Kyela hulijua kwa jina la pawatila, lina kazi nzito ya wiki chache za kulima na kuvuruga majaruba, yaani vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta ya kuzuia maji. Baadaye huvuta tela la mavuno, na sehemu kubwa ya mwaka husimama bandani. Kwa kaya yenye ekari mbili au tatu, kununua mashine ya namna hiyo ni kufunga mtaji mkubwa kwa kazi ya muda mfupi, kwa hiyo kuitumia pamoja na majirani ni busara ya kiuchumi. Hata hivyo, majira hayo hayo yanayoleta faida ya kuazimana ndiyo yanayogeuza uharibifu kuwa msiba, kwa kuwa mvua ikishanyesha kila shamba linaihitaji mashine kwa wakati mmoja, kila fundi ana foleni, na miche iliyokwisha kukomaa kitaluni haisubiri.

Zana zinatofautiana katika jinsi zinavyoonyesha kosa la aliyezitumia. Mpini wa jembe la mkono ukivunjika, kila mtu anaona umevunjika mikononi mwa nani, na mpini mpya hupatikana siku ile ile. Plau nayo huonyesha wazi: ncha iliyolika au chuma kilichopinda baada ya kugonga kisiki hutambuliwa kwa macho, na mhunzi wa kijijini huweza kukinyoosha. Ugomvi wa zana hizo humalizwa na wazee kwa mazungumzo mafupi, kwa kuwa ushahidi uko mbele yao. Injini ya dizeli ni kitu kingine, kwani ubovu wake huanza mahali pasipoonekana na hujitokeza baadaye, pengine katika mikono ya mtu ambaye hakuhusika kabisa na chanzo chake.

Mfano mmoja unatosha kulieleza jambo hili. Pawatila nyingi zina chujio la hewa la oili, yaani kikombe chenye oili kidogo ambamo hewa hupita kabla ya kuingia katika injini, ili vumbi linase humo. Oili hiyo ikikauka au ikigeuka tope, vumbi la shamba huingia moja kwa moja kwenye silinda, hujichanganya na oili ya injini, na kusugua kuta za silinda na ringi za pistoni kama msasa. Siku ya kwanza hakuna dalili. Baada ya muda injini huanza kuwaka kwa shida, hupungua nguvu ikiwa kwenye tope zito, na moshi wenye rangi ya samawati hutoka, ambao ni alama ya oili kuungua pamoja na dizeli. Aliyeazimwa siku hiyo ndiye anayeonekana ameiua mashine, ilhali pengine aliyesahau kikombe kile ni mwenye mashine mwenyewe, au mtu aliyeitumia wiki kadhaa kabla yake.

Hapo ndipo fundi anapoingia, na hapo ndipo ubora wa kazi yake unapoamua hatima ya ujirani. Fundi makini hufungua injini, hupima silinda kujua imelika kiasi gani, kisha huamua kama ringi mpya zinatosha au silinda nayo ibadilishwe. Fundi mbovu huweka ringi mpya ndani ya silinda iliyokwisha kuchakaa, hufunga gesketi ya zamani, huwasha injini bila kuipa mzigo wowote, na hupokea fedha. Mashine hulima siku chache, moshi hurudi, na jirani aliyekwisha kuchangia gharama hudaiwa tena, huku fundi akisema imetumiwa vibaya. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walisema, lakini katika mkasa huu matanga hulipwa mara mbili, na anayelipa si lazima awe yule aliyefurahia harusi.

Haitakuwa haki kuwatwisha mafundi lawama zote. Wengi walijifunza kazi kwa kutengeneza pikipiki na magari, hawana vifaa vya kupimia, na hulazimika kununua vipuri katika maduka ambamo kipuri halisi na cha bandia hukaa rafu moja katika maboksi yanayofanana. Muuzaji wa mashine mara nyingi yuko mjini, na dhamana anayoitoa, yaani ahadi ya kutengeneza bila malipo kwa kipindi fulani, hudai mashine ipelekwe kwake, kwa gharama ambayo mkulima haimudu katikati ya msimu.

Historia ya nchi hii ilikwisha kutoa onyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga huko Kongwa, ikaleta matrekta mengi yaliyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ikayaingiza katika ardhi ngumu na vichaka vizito kabla ya kuwa na karakana na vipuri vya kutosha. Sehemu kubwa ililala mapema, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mwaka 2009, chini ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza, pawatila zilihimizwa katika halmashauri nyingi, na swali likawa lile lile: nani atazitengeneza zitakapoharibika mbali na mji?

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayekabidhi mali kwa mwingine kumweleza kasoro anazozijua zinazoathiri matumizi yake, na inamtaka anayeipokea aitunze kwa uangalifu ambao mtu wa busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Anayekodisha kwa malipo hubeba wajibu mzito zaidi, kwa kuwa huwajibika hata kwa kasoro asiyoijua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo ina sehemu zinazomlinda mlaji. Tatizo ni kwamba haki bila ushahidi haidaiki, na kijijini kazi nyingi za ufundi hufanywa bila risiti.

Kwa sababu hiyo, tiba ya kwanza ni maandishi. Kila mashine inayoazimwa inafaa kuwa na daftari lake, linaloeleza nani ameichukua, amelima ekari ngapi, oili ilibadilishwa lini, na fundi gani aligusa nini. Wakati wa kukabidhiana, pande zote mbili zikague pamoja oili, maji, chujio la hewa, mikanda na nati za visu, kisha ziiwashe injini na kutazama moshi wake. Fundi naye adaiwe risiti, arudishe vipuri vya zamani alivyovitoa, na malipo ya mwisho yangoje mashine ijaribiwe ndani ya jaruba lenye tope. Wakulima wakijiunga, wanaweza kufanya matengenezo makubwa wakati wa kiangazi na kuweka akiba ya mikanda, ringi na machujio kabla ya mvua.

Juhudi za wakulima peke yao hazitoshi, na si Tanzania tu inayolikabili suala hili. Nchini Marekani, jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria inayowalazimisha watengenezaji wa mashine za kilimo kuwapa wakulima na mafundi huru vipuri, vifaa na maelezo ya ufundi. Halmashauri za wilaya zinaweza kuanza na hatua ndogo zaidi: kutonunua wala kupigia debe mashine ambayo muuzaji wake hana vipuri wala fundi aliyefunzwa karibu na wakulima, na kudai kitabu cha maelekezo kwa Kiswahili. Muuzaji na fundi wakibebeshwa sehemu yao ya wajibu, majirani watabaki na deni moja tu, lile la kulipana fadhila, ambalo wamelimudu kwa vizazi vingi.