Wahadhiri waanzie mwisho wanapozisuka upya kozi zao

Kitenzi 'jifunza' kina somo kubwa kwa sisi tunaofundisha vyuoni. Ukikichanganua utapata kiambishi kirejeshi 'ji-' na 'funza'. Anayetenda na anayetendewa ni mtu yule yule. Nafasi ya yambwa imekwisha kukaliwa na 'ji-', kwa hivyo huwezi kuipachika tena 'm-' ya mwanafunzi. Mwalimu anaweza kumfundisha, kumfafanulia, hata kumfokea. Kumjifunza mwanafunzi? Sarufi inakataa, na maisha yanakataa vilevile.

Hoja hii ndiyo ninayoanza nayo kila wahadhiri wenzangu wanaponiomba niwasaidie kuzisuka upya kozi zao. Wengi huja na silabasi mkononi na swali moja: "Profesa, niongeze mada gani?" Mimi huwauliza swali tofauti: "Mwanafunzi wako ataweza kufanya nini siku kozi itakapokwisha, ambacho hawezi kukifanya leo?" Aghalabu kimya hufuata. Si kwamba hawaijui taaluma yao, la hasha. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo.

Utaratibu tuliouzoea ni huu. Mhadhiri hufungua kitabu cha marejeleo, akaorodhesha mada, akazigawa kwa majuma 14 ya muhula, kisha mtihani hutungwa haraka haraka afisi ya mitihani inapoanza kuudai. Mwaka wa 1998 Wamarekani wawili, Grant Wiggins na Jay McTighe, walichapisha kitabu kiitwacho Understanding by Design wakipendekeza tuugeuze utaratibu huo. Kwanza, amua matokeo unayoyataka. Pili, amua ni ushahidi gani utakuonyesha kuwa yamepatikana. Tatu, ndipo upange mihadhara na mazoezi. Hili si geni kwa seremala. Hapigi randa ubao kabla ya kujua kama anaunda mlango au kitanda.

Hebu tuchukue mfano wa kozi ya mofolojia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa ualimu. Swali tulilolizoea katika mtihani ni: 'Eleza maana ya mofimu huku ukitoa mifano.' Mwanafunzi aliyekariri noti atalijibu vizuri na kutuzwa alama zote. Mwanafunzi huyo huyo akienda kwenye mazoezi ya kufundisha, mtoto amwandikie 'waizi' badala ya 'wezi', atasema tu, "Umekosea, andika wezi." Mtoto akiuliza kwa nini, jamani, mwalimu huyo atababaika!

Sasa tuanzie mwisho. Matokeo tunayoyataka ni mwalimu anayeweza kulieleza kosa hilo. Kwa hivyo swali la mtihani liwe: 'Mwanafunzi wako ameandika waizi. Mweleze kanuni aliyoikiuka, umpe mifano mingine mitatu, kisha umtungie zoezi fupi.' Ili alijibu, lazima aone kuwa 'a' ya kiambishi 'wa-' ikikutana na 'i' ya shina '-izi' huzaa 'e'. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotupa 'meno' kutokana na 'ma-' na '-ino', 'wengi' kutokana na 'wa-' na '-ingi', na 'mengi' kutokana na 'ma-' na '-ingi'. Fasili ya mofimu bado ataihitaji, lakini sasa ataitumia kama chombo cha kazi.

Swali likibadilika, mhadhara nao hauna budi kubadilika. Huwezi kuongea saa mbili mfululizo kisha utarajie mwanafunzi afanye kile ambacho hajawahi kukijaribu mbele yako. Wahenga walisema, ukitaka kujua uhondo wa ngoma ingia ucheze.

Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aligundua kuwa wanafunzi wake walizikokotoa hesabu ngumu ilhali dhana za msingi ziliwapiga chenga. Basi akaanza kuukata mhadhara vipande vifupi. Baada ya kila kipande huuliza swali, kila mwanafunzi huchagua jibu lake peke yake, hujadiliana na jirani yake, kisha huchagua tena. Mwaka wa 1997 alichapisha kitabu kuhusu mbinu hiyo. Haihitaji mitambo. Vidole vya mkono vyatosha kuonyesha jibu la kwanza, la pili au la tatu.

Je, kuna ushahidi? Upo. Mwaka wa 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 kuhusu kozi za sayansi, uhandisi na hisabati. Katika madarasa ya mihadhara mitupu, takriban asilimia 34 ya wanafunzi walianguka. Palipokuwa na ushiriki wa wanafunzi, walioanguka walikuwa takriban asilimia 22. Kumbe mtindo wa kufundisha unaweza kuamua nani atafuzu na nani atarudi nyumbani mikono mitupu.

Hata hivyo, ningependa kumtahadharisha anayetaka kujaribu. Utafiti mwingine uliofanywa Harvard na kuchapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kuwa wanafunzi walioshirikishwa darasani walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mtamu. Kutoa jasho hakufurahishi. Kwa hivyo waeleze wanafunzi mapema kwa nini unawafanyisha kazi, la sivyo watasema eti mhadhiri ni mvivu, ametuachia tujifundishe wenyewe.

Wenzangu hunijibu kuwa madarasa yetu yana wanafunzi 300, wengine wamesimama dirishani, na insha 300 hazisahihishiki. Ni kweli. Ndiyo maana simshauri mtu abomoe kozi nzima kwa muhula mmoja. Mhadhiri achukue karatasi ya mtihani wa mwaka jana, aketi na mwenzake, wapitie swali baada ya swali wakijiuliza: hili linapima kumbukumbu au uwezo? Wabadilishe maswali mawili tu, kisha wapange zoezi moja darasani kwa kila swali jipya. Muhula unaofuata, mawili mengine. Mada zisizochangia matokeo yoyote zipunguzwe, hata kama tunazipenda.

Karatasi inayopima kumbukumbu pekee ndiyo shamba la mwakenya. Siku hizi hata mwakenya umepitwa na wakati, kwani akili unde humwandikia mwanafunzi fasili ya mofimu kufumba na kufumbua. Tukiendelea kutuza kile ambacho simu inakifanya, tutahitimisha simu.

Lakini tusimtwike mhadhiri mzigo wote. Anayeketi wiki nzima kuitengeneza kozi hapati chochote wakati wa kupandishwa cheo, ilhali mwenzake aliyechapisha makala huhesabiwa. Vyuo vikiamini kuwa kufundisha ni kazi ya kitaaluma, basi kozi iliyosukwa upya, pamoja na ushahidi wa walichojifunza wanafunzi, iwe na uzito mbele ya kamati za kupandisha vyeo. Wahadhiri wa vibarua, wanaobeba kozi nyingi, nao walipwe kwa muda wa kupanga wala si wa kusimama darasani pekee.

Saa nayo inakimbia. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 mwaka huu wa 2026 na linatarajiwa kubisha hodi vyuoni mwaka wa 2029. Hawa ni vijana ambao tangu shule ya msingi wameambiwa watende, wachunguze na waeleze. Tukiwapokea kwa noti zilizogeuka manjano na kuwaamuru wanakili, watanakili, kwa kuwa wanataka shahada. Watatoka na shahada hiyo, na mtoto atakapowauliza kwa nini si 'waizi', watamwambia, "Andika wezi."