Mwindo Alikuwa na Shangazi. Wewe Una Nani?

Siku mtu anapopewa madaraka, anaanza kupoteza watu wa kumwambia kweli. Mwalimu wa Itebero, eneo la Walikale katika Kivu ya Kaskazini, aliyefanywa direkta wa shule ya msingi, muuguzi aliyekabidhiwa kituo cha afya, mama aliyechaguliwa kushika pesa za likelemba, yaani mchango wa zamu, hata kijana aliyerudi kutoka machimboni na pikipiki yake mwenyewe, wote hukutana na hali hiyo. Waliokuwa wakimwambia "hapo umekosea" sasa wanamwambia "uko sawa, mkubwa". Hakuna aliyekaa akapanga kumdanganya. Mmoja anategemea saini yake, mwingine ana mtoto shuleni kwake, wa tatu anaogopa tu kuharibu urafiki. Mwisho wake mtu anavikwa kilemba cha ukoka na watu wanaompenda.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1970 Wamarekani wawili, Sidney Rosen na Abraham Tesser, walichapisha jaribio jepesi. Mshiriki alipewa ujumbe wa kumfikishia mwenzake: apige simu nyumbani, kuna habari njema; au apige simu nyumbani, kuna habari mbaya. Waliobeba habari njema, wengi waliifikisha nzima. Waliobeba habari mbaya, wengi walisema tu kwamba anatakiwa apige simu, na lile neno "mbaya" wakalimeza. Habari yenyewe haikuwa kosa lao, wala mpokeaji hakuwa bosi wao. Ikiwa mtu anasita kumfikishia mwenzake habari isiyomhusu, atasita mara ngapi kumwambia direkta wake kwamba anawafokea walimu mbele ya wanafunzi?

Kwa hiyo ushauri wa kweli hauji wenyewe, hufuatwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema, na ni kweli, lakini methali hiyo inamwonya mtu ambaye mkuu amekwisha kusema naye. Wengi waliovunjika guu hawakukataa kusikia. Hawakuambiwa kitu, kwa sababu hawakuuliza.

Msitu wa Walikale una mfano wa jambo hili ulio bora kuliko mingi inayosomeshwa vyuoni: utendi wa Mwindo, wa Wanyanga. Mwaka 1956 msimuliaji Candi Rureke aliusimulia, akauimba na kuucheza kwa siku 12, na mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck pamoja na wasaidizi wake wakauandika. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, msomi Mnyanga, waliutoa kitabu, na leo unafundishwa katika vyuo vikuu vya mbali na Kivu. Wengi huukumbuka kwa vita na miujiza yake. Mimi naurudia kila mara kwa swali lingine: mwenye nguvu anaambiwa kweli na nani?

Shemwindo, mwami yaani mtawala wa Tubondo, aliwakusanya watu wake, washauri wakiwamo, akatangaza kwamba wake zake wazae wasichana tu. Akizaliwa mvulana, atauawa. Mwindo akazaliwa hivyohivyo, anatembea na kusema tangu siku ya kwanza. Baba akamrushia mkuki, akaamuru azikwe, hatimaye akaagiza atiwe ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Kila amri ilipata watu wa kuitekeleza. Mtoto akasafiri majini ndani ya ngoma ile hadi kwa shangazi yake, Iyangura, aliyekuwa ameolewa mbali, kwa Mukiti, nyoka wa majini.

Ni huyu Iyangura ninayetaka tumtazame kwa karibu. Mwindo alipotaka kurudi kupambana na baba yake, shangazi alimwonya asiende peke yake. Alipoona hasikii, hakununa wala hakumwacha, alifuatana naye. Baadaye, Tubondo iliposhambuliwa na kuteketea, Shemwindo alikimbilia chini ya ardhi, na Mwindo alipoamua kumfuata huko alimwachia shangazi ncha ya kamba: kamba ikitulia, ujue nimekufa. Kuna mahali katika masimulizi kamba inatulia kweli, na Iyangura huku juu analia. Mwanamke huyu hakuridhia kila alichofanya mpwa wake, lakini ncha ya kamba ilikuwa mkononi mwake muda wote.

Mwishoni Shemwindo anarudishwa, na watu wote wanakaa barazani Tubondo. Hapo Iyangura anasimama kumkemea kaka yake hadharani, pamoja na washauri wake: mlibagua watoto, huyu mwema huyu mbaya, na hali hamkujua kilichomo tumboni mwa mama. Maneno hayo yangefaa kusemwa siku ile ya tangazo, na wale waliokuwapo. Ilibidi mji uteketee na mtoto ashuke hadi kuzimu kabla hajapatikana wa kuyasema, na aliyeyasema alitoka nje ya Tubondo.

Mwindo naye alipokuwa mwami, majivuno yakamwingia. Alimuua Kirimu, joka la vichwa saba lililowameza wawindaji wake, bila kufikiri kwamba Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, yaani radi. Na Nkuba alikuwa rafiki wa Mwindo pia. Ndiye aliyempigia Tubondo kwa moto wakati wa vita. Rafiki huyo alimpandisha angani, akakaa huko mwaka mzima katika baridi ya mvua na ukali wa jua, akiambiwa majivuno yake waziwazi. Aliporudi alikuwa amekatazwa kuua wanyama wa msituni, na alikuja na mashauri kwa watu wake: walime vyakula vya aina nyingi, wakae katika nyumba nzuri, wasigombane, wasimcheke mgonjwa. Aliyezaliwa akijisifu alishuka akiwa kiongozi.

Tazama sasa hao wawili waliomfaa. Iyangura ni wa ukoo, kwa hiyo aibu ya Mwindo ni aibu yake. Lakini ameolewa kwingine, hagombei urithi wala hali mkononi mwa mpwa wake. Yuko ndani na nje kwa wakati mmoja. Nkuba alikwisha kuonyesha mapenzi yake kwa vitendo kabla ya kukaripia. Washauri wa Shemwindo hawakuwa na lolote kati ya haya. Walikula kwa mwami, na mtu hulinda sahani yake.

Jamii zetu nyingi zililijua hili na zikaweka mtu maalumu wa kazi hiyo. Kule pwani msichana alifundwa na somo, ambaye kwa makusudi hakuwa mama yake mzazi. Baganda wanaye ssenga, shangazi tena. Tanzania kuna utani: Mchaga na Mpare wanaweza kuambiana msibani maneno ambayo yangetoka kwa mwingine yangezusha ugomvi. Hawa wote wamepewa ruhusa na desturi. Kwa kuwa ruhusa ipo, anayeambiwa hawezi kudai amevunjiwa heshima, na anayesema hana haja ya kuzungukazunguka. Naamini tunapoteza kitu kikubwa tunapoziona desturi hizi kuwa mambo ya sherehe tu.

Vita vya Kivu ya Kaskazini vimezivuruga nyuzi hizi kwa namna ambayo haihesabiwi pamoja na nyumba zilizochomwa. Machi 2025 wapiganaji wa M23 waliingia mjini Walikale na watu wakakimbilia msituni na vijiji vya mbali. Masisi familia zimehamahama kwa miaka mingi. Anayekimbia hubeba watoto, godoro na sufuria. Shangazi anabaki upande mwingine, rafiki wa utotoni yuko Goma au Bukavu, mwalimu wa zamani hajulikani alipo. Kijana anajikuta ugenini akiwa na watu wapya wasiomjua, na uamuzi mkubwa wa kufanya: aendelee na shule au aende machimboni, aoe au angoje, ajiunge na kundi lenye silaha au akatae. Huyo anahitaji shangazi wa kutafutwa, maana wa kuzaliwa naye hayupo. Inaweza kuwa mama mmoja wa shirika lake kanisani, fundi aliyemfundisha kazi, au muuguzi anayemwona kila juma. Sharti liwe lilelile: amtakie mema, asiwe na faida katika uamuzi wake, na awe amekwisha kuonyesha kwamba anatunza siri. Hilo la siri, katika eneo ambalo neno moja linaweza kumfikia mwenye bunduki, si jambo la adabu tu. Ni usalama.

Ukishampata mtu, kazi inayobaki ni namna ya kumuuliza, na hapa ndipo wengi huharibu. Tuchukue mfano wa kubuni wa direkta mmoja wa Itebero. Anamwita mwalimu mwenzake baada ya masomo, anamuuliza, "Unauonaje uongozi wangu?" Mwalimu, macho chini, "Tunakushukuru sana, direkta." Mazungumzo yamekwisha. Swali lilikuwa pana mno, limeulizwa ofisini, tena na mwenye cheo. Sasa afanye hivi: amfuate mwalimu mzee aliyestaafu, nyumbani kwake, jioni, awe peke yake. Aseme, "Baba, shikamoo. Juma lililopita kwenye mkutano wa wazazi, yule mama aliposimama kuuliza habari za michango, nilimjibu kwa ukali. Ulikuwapo. Ungekuwa mimi, ungemjibu nini?" Mzee hatahitaji kumhukumu mtu mzima. Ataeleza angefanya nini, na ndani ya maelezo hayo kosa litaonekana lenyewe.

Kuuliza hivyo si ujanja wa maneno. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu watu wanaoambiwa jinsi walivyofanya kazi. Kwa wastani kuambiwa kuliwasaidia, ila katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyapima, watu walifanya vibaya zaidi baada ya kuambiwa. Maelezo yao ni kwamba maneno yanayomfanya mtu aitafakari kazi humsaidia, na yanayomfanya ajitetee kuhusu nafsi yake humvuruga. "Wewe ni mkali" inagusa nafsi. "Yule mama ungemwacha amalize kusema" inagusa tendo. Ndiyo maana naomba watu waulize kuhusu tendo moja, la siku moja.

Kuna sababu nyingine ya kuuliza "ungekuwa mimi". Mwaka 2014 Igor Grossmann na Ethan Kross walionyesha kwamba watu hufikiri kwa hekima zaidi kuhusu matatizo ya mwenzao kuliko yao wenyewe, na hali hiyo wakaipa jina la Mfalme Sulemani, aliyewaamua wengine vizuri huku nyumba yake ikimshinda. Nyani haoni kundule, lakini la mwenzake analiona vizuri. Tumia macho yake.

Halafu nyamaza. Jibu likianza kuuma, ulimi utataka kueleza: nilikuwa nimechoka, yule mama ana historia na mimi, hukusikia alichosema kabla. Ukijieleza, mshauri ataelewa kwamba umekuja kutafuta kuungwa mkono, na mara ya pili atakupa hicho ulichotaka. Shukuru, nenda nyumbani, lala na neno lile. Si lazima ulifuate. Mtu aliye mwaminifu anaweza kukosea, na uaminifu si utaalamu: shangazi yako mwema hawezi kukupimia malaria, wala mchungaji wako kujua kama mchanga uliouziwa una dhahabu. Kwa mambo hayo nenda kwa mwenye ujuzi. Lakini ukilifuata neno la mshauri, rudi umwambie lilivyokuwa. Na ukiamua kutolifuata, rudi pia, umweleze kwa heshima kwa nini. Anayetoa ushauri na kuona umeanguka kimya kama jiwe kisimani hachelewi kuacha kushauri.

Mficha uchi hazai. Kumwendea mtu na kosa lako mkononi kunaaibisha, hasa kwa wanaume wa kwetu waliofundishwa kwamba kuuliza ni udogo, na hasa kwa aliyekwisha kuitwa mkubwa. Aibu hiyo ni ya robo saa. Makosa yasiyosemwa hukaa miaka, na hulipwa na wanafunzi, wagonjwa, wake na watoto ambao hawakuwa na nafasi ya kusema.

Basi, msomaji, kabla juma hili halijaisha, chagua mtu mmoja asiyekula mkononi mwako na asiyekuogopa. Chagua tendo moja ulilofanya ambalo halijakaa sawa moyoni. Mfuate kwake, umuulize angefanya nini, na umsikilize hadi amalize.