Mradi umefikia asilimia ngapi? Tovuti inavyoweza kumjibu mwananchi wa Kizwite

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MWANANCHI aliyechangia mawe, mchanga na siku zake za kazi katika ujenzi wa darasa ana swali moja asilochoka kuliuliza: ujenzi umefikia wapi? Mara nyingi hujibiwa kwa asilimia, lakini ni nadra kuelezwa kuwa asilimia hiyo ni ya kitu gani.

Katika Kata ya Kizwite, mjini Sumbawanga, kama ilivyo katika kata nyingine za mijini nchini, taarifa za miradi hupita katika mkutano wa mtaa na katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Asiyehudhuria mkutano hubaki akitegemea maneno ya mitaani.

Ofisini kompyuta zimekwishaingia siku nyingi. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri zilizinduliwa tovuti zao, na Septemba mwaka huo huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua mjini Dodoma mfumo wa PlanRep unaotumia intaneti, ambao halmashauri hutumia kuandaa mipango, bajeti na ripoti.

Hata hivyo, mfumo huo ni wa watumishi. Kinachohitajika kumfikia mkazi wa mtaa ni kitu kidogo zaidi, ambacho wataalamu wa tovuti hukiita plagini.

Plagini ni programu ndogo inayopachikwa juu ya tovuti iliyopo ili kuiongezea kazi fulani bila kuijenga upya. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti iliyoanza mwaka 2003, ilifungua mlango wa plagini katika toleo lake la 1.2 la Mei 2004. Tangu hapo, mtu yeyote anayeijua lugha ya PHP anaweza kuandika ya kwake.

Plagini ya kufuatilia miradi ina sehemu tatu. Ya kwanza ni fomu ambayo ofisa aliyeruhusiwa huijaza. Ya pili ni hifadhidata inayotunza kila kilichojazwa pamoja na tarehe yake. Ya tatu ni ukurasa ambao mwananchi huuona, wenye mstari unaojaa rangi kadiri kazi inavyosonga mbele.

Kuchora mstari huo si kazi ngumu. Ugumu upo katika kuamua unahesabu nini.

Njia rahisi ni kuhesabu fedha, yaani zilizotumika zikigawanywa kwa bajeti. Njia hiyo hupotosha, kwa sababu fedha zinaweza kwisha kabla ya kazi kwisha. Maboma ya madarasa na zahanati yaliyosimama bila bati katika maeneo mengi ya nchi ni ushahidi wa kutosha.

Njia iliyo bora ni kuhesabu hatua zinazoonekana kwa macho, kila moja ikipewa uzito wake kabla ujenzi haujaanza. Kwa mfano, katika ujenzi wa darasa, msingi unaweza kupewa alama 20, kuta hadi lenta 25, kenchi na bati 20, lipu na sakafu 15, milango na madirisha 10, rangi na madawati 10. Jumla ni 100.

Tuseme kuta zimefika kwenye lenta, na fedha zilizotumika ni asilimia 60 ya bajeti. Kwa hesabu ya fedha, mradi upo asilimia 60. Kwa hesabu ya kazi, upo asilimia 45. Tofauti hiyo ya 15 ndiyo habari ambayo mwananchi anastahili kuijua mapema, maana ndiyo inayoashiria kuwa darasa huenda likakosa bati. Kwa hiyo plagini yenye manufaa huonyesha mistari miwili, wa fedha na wa kazi, kimoja juu ya kingine.

Uzito nao hauna budi kuwa wa haki. Mfano mzuri ni barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa kilomita 223, iliyojengwa kwa lami kwa fedha za Marekani kupitia mkataba wa MCC uliosainiwa Februari 2008. Kazi iligawanywa katika sehemu tatu: Tunduma–Ikana kilomita 63.7, Ikana–Laela 64.2 na Laela–Sumbawanga 95.3.

Tuchukulie kwamba sehemu mbili za kwanza zimekamilika na ya tatu imefika nusu. Wastani wa kawaida utasema mradi wote umefika asilimia 83. Lakini ukipima kwa kilomita, utapata asilimia 79 tu, kwa kuwa sehemu iliyobaki ndiyo ndefu kuliko zote. Mwandishi wa programu asiyelizingatia jambo hilo atatoa takwimu tamu isiyo ya kweli.

Aidha, ratiba haina budi kuijua hali ya hewa. Katika nyanda za juu za Ufipa mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na matofali ya kuchoma huandaliwa wakati wa kiangazi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi. Fedha zikichelewa hadi Desemba, mafundi hukutana na mvua. Plagini inayogawa siku sawasawa kwa mwaka mzima itamlaumu fundi kwa kosa ambalo si lake.

Nchini Kenya, Kaunti ya Makueni ilifungua mwaka 2019 tovuti inayoonyesha safari ya zabuni za kaunti, tangu mpango wa ununuzi hadi utekelezaji. Ndani yake zimo pia ripoti za kamati za wananchi zinazosimamia miradi, hivyo sauti ya mkandarasi haibaki peke yake.

Somo hilo linaweza kutumika hapa. Ofisa mtendaji wa kata angejaza hatua iliyofikiwa na kuweka picha yenye tarehe, mjumbe wa kamati ya ujenzi akathibitisha, ndipo mstari usogee. Mtu mmoja asiwe na uwezo wa kujaza na kuthibitisha.

Jambo jingine ni kumbukumbu. Takwimu ikisahihishwa, ile ya awali isifutwe, bali ibaki ikionekana pamoja na jina la cheo cha aliyeibadilisha. Namba za simu za mafundi na majina ya waliochangia yasiwekwe hadharani ovyo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za aina hiyo.

Vilevile ukurasa uwe mwepisi. Wengi husoma kwa simu za mkononi, na picha kubwa humaliza kifurushi. Kwa asiye na simu ya intaneti, ukurasa huo huo uweze kuchapwa kwenye karatasi moja na kubandikwa katika ubao wa matangazo wa ofisi ya kata.

Mahali ambapo hakuna plagini ya namna hiyo, mwananchi bado ana njia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Katika barua hiyo aombe mambo matatu: orodha ya hatua za ujenzi na uzito wake, fedha zilizotumika hadi sasa, na tarehe ambayo kazi ilikaguliwa mara ya mwisho.