Jino Likiingia Ganzi, Tusikimbilie Kung'oa

Akina mama tumezoea kuvumilia. Tukinywa maji baridi au chai ya moto, jino linachoma ghafla kama sindano. Tunashika shavu, maumivu yanapita, tunaendelea na kazi. Wengine tunaanza kutafunia upande mmoja tu, na miezi inakwisha hivyo hivyo. Halafu siku moja tunasema: "Heri ling'olewe!" Lakini si kila jino lenye ganzi linastahili kung'olewa.

Kwa nini linauma?

Jino limefunikwa na gamba gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, na mzizi wake hulindwa na ufizi. Chini ya gamba kuna tabaka lenye vijitundu vidogo sana vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu. Gamba likilika au ufizi ukishuka, vijitundu hivyo hubaki wazi. Hapo baridi, moto, sukari na vitu vichachu huamsha maumivu. Gamba likishalika halioti tena.

Mara nyingi tunayaharibu kwa mikono yetu wenyewe. Tunasugua meno kwa nguvu kama tunavyosugua sufuria, kwa mswaki mgumu au kwa mkaa, tukitaka yawe meupe. Wengine hula ndimu, ukwaju na maembe mabichi kila mara, au hunywa soda kidogo kidogo mchana kutwa. Wapo wanaosaga meno usingizini. Mama mjamzito anayetapika mara kwa mara naye yumo hatarini, maana asidi ya tumboni hula gamba. Jino lililotoboka au kupasuka, na ugonjwa wa fizi, pia huleta ganzi.

Tufanye nini nyumbani?

Tutumie mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, kwa mkono mwepesi. Baada ya kula vitu vichachu au kutapika, tusukutue kwa maji, kisha tungoje kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu asidi hulainisha gamba.

Madukani zipo dawa za meno za kupunguza ganzi. Nyingi zina potasiamu naitreti. Hizi hutaka subira: tuzitumie kila siku kwa wiki 2 hadi 4, tusiziache siku ya tatu tukisema hazifai. Wala tusiweke aspirini juu ya jino, kwani huunguza ufizi.

Tumwone daktari lini?

Ganzi ya kawaida hupita upesi. Maumivu yakikawia, yakituamsha usiku, yakija tunapotafuna, au tukiona usaha, twende kwa daktari wa meno. Uso ukivimba pamoja na homa, au tukishindwa kumeza au kupumua vizuri, twende hospitali mara moja. Mjamzito pia hutibiwa meno. Amweleze tu daktari kwamba ana mimba.

Daktari anaweza kupaka dawa, kuziba tundu au kutibu mzizi. Kabla ya kukubali kung'olewa, tumwulize: "Je, jino hili laweza kuokolewa?"

Mtoto akikohoa usiku mmoja tu, asubuhi tuko zahanati. Basi na sisi wenyewe tujihurumie. Jino la mtu mzima likishang'olewa, halirudi.