Nipe tano ya kwenye gemu: upendo au dharau?

Kwa wale wasiocheza gemu, naomba niwaeleze kitu kimoja ambacho wazazi wengi hawakioni wakija kututoa kwenye vibanda. Wale watu wa kwenye kioo wanapigana, ni kweli, lakini wanapongezana pia. Wanagonga ngumi, wanapeana tano, wanacheza dansi.

Kibandani ninakochezea mimi, ugomvi mwingi hauanzi kwa sababu mtu kafungwa. Unaanza kwa jinsi alivyoshangiliwa. Na hapo tumekaa bega kwa bega, utani unaonekana usoni. Sasa fikiria kwenye intaneti, unacheza na mtu usiyemjua, lugha hamuelewani. Mkono wa mchezaji wako kwenye kioo ndio mdomo wako.

Watengenezaji walishaliona hilo. Gemu la Army of Two la mwaka 2008 lina wanajeshi wawili wanaosaidiana. Wakimaliza pambano, ukibonyeza kitufe kimoja kwenye pedi wanagongana ngumi, au wanajifanya wanapiga gitaa hewani. Kwenye Team Fortress 2, lililotoka 2007, kuna tano ya watu wawili. Mmoja ananyoosha mkono na kusubiri. Asipotokea mtu, basi kachuniwa! Uzuri wake ni kwamba halazimishwi mtu. Tano haikamiliki mpaka wawili wakubali.

Upande wa pili tuna FIFA. Kulikuwa na staili ya kushangilia ambapo mfungaji anaweka kidole mdomoni, yaani "nyamaza". Kwenye mpira wa kweli anaonyeshwa uwanja mzima. Kwenye gemu anaonyeshwa mtu mmoja, yuko chumbani kwake, ameshakula bao tano. Malalamiko yakazidi, na mwaka 2020 EA Sports wakaiondoa kwenye FIFA 21. Mpira ukaendelea kama kawaida.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Journey, gemu la PlayStation 3 la mwaka 2012. Unakutana na msafiri mwenzako jangwani, bila jina, bila sauti, bila kuandikiana. Bosi wa kampuni iliyolitengeneza, Jenova Chen, alishaeleza kwamba kwenye majaribio wachezaji waliweza kusukumana, na kweli wakawa wanasukumana. Wakaondoa uwezo huo. Badala yake, wakigusana, skafu zao zinapata nguvu ya kuruka. Matokeo yake watu wanatafutana na kutembea pamoja, maana kila mmoja anamfaa mwenzake.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane wadau. Tukiona vijana wanatukanana kwenye gemu tunasema hawana malezi. Malezi yana nafasi yake, sikatai. Lakini aliyetengeneza kile kitufe naye ana sehemu yake. Mpe mtu kitufe cha kudharau, atakibonyeza. Mpe kitufe kinachohitaji mkono wa mwenzake, atamtafuta mwenzake.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kuchomoa waya, kaa dakika kumi uangalie hilo gemu linamruhusu mwanao amfanyie nini mwenzake baada ya kushinda. Utajifunza mengi kuliko kusoma jina kwenye kasha.

Nyie wenzangu wa kwenye pedi, ni staili gani ya kushangilia mngeiondoa kesho? Karibuni tuchangie, ila bila matusi.